Hoteli Ikibaki Tupu: Jinsi ya Kupunguza Watu Bila Kuwaonea

Nimefanya kazi katika hoteli za ufuo wa kaskazini wa Mombasa kwa miaka 27, nikianza na kusafisha vyumba mwaka 1996. Miaka kumi na minne ya mwisho nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika chama chetu. Katika miaka yote hiyo 27 nimeiona hoteli ikibaki tupu mara tano: baada ya fujo za Likoni za Agosti 1997, watu wa bara waliposhambuliwa, baada ya bomu la hotelini Kikambala la Novemba 2002, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwaka 2014 Uingereza ilipotoa onyo la usafiri na wageni wakachukuliwa kurudi kwao kabla likizo zao hazijaisha, halafu mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Kila mara watu walipunguzwa. Mara ile ya kwanza nilikuwa miongoni mwao.

Siku hizi wanaonipigia simu si wa hoteli pekee. Wapo wa viwanda vya nguo, wapo wa mashirika yaliyokatiwa fedha na wafadhili, na wapo mameneja pia. Wanauliza jambo moja: pesa zimepungua, watu lazima wapungue, tufanyeje ili wasiondoke wale wale wanaoondoka siku zote? Nawaandikia nyote, wawakilishi wenzangu na nyinyi wenye kushika kalamu ya orodha. Sheria ninazotaja ni za Kenya, lakini kazi yenyewe inafanana popote.

Jambo moja lishikeni kabla ya yote. Katika miaka yote hiyo hakuna meneja aliyewahi kuniambia, "Tuwaondoe wanawake," au "Tuwaondoe Wagiriama," kabila mojawapo la pwani. Hakuna hata mmoja. Ubaguzi uliingia kwa mlango wa orodha iliyoonekana safi. Kwa hiyo kazi yenu ni kuichambua orodha kama mchele, chembe kwa chembe, kabla haijageuka kuwa barua.

Hesabuni kabla ya kuandika jina lolote

Chukueni daftari. Kila idara iwe na ukurasa wake, na kila mtu mstari wake: kazi yake, jinsia, mwaka alioanza, aina ya mkataba (wa kudumu, wa msimu au kibarua), kama ana ulemavu ulio kwenye kumbukumbu za kazi, na kama yuko au anakaribia kwenda likizo ya uzazi. Hali ya virusi vya ukimwi haiandikwi na haiulizwi kamwe. Kabila na dini msiziandike mbele ya jina la mtu. Hesabuni jumla tu kwa idara, kisha mfunge daftari. Nasema hivi kwa uchungu, maana mwaka 1997 niliona watu wa bara wakifungasha virago usiku kwa hofu. Karatasi yenye majina na makabila si kitu cha kuachwa kwenye droo ya ofisi Mombasa.

Orodha ya kwanza ikitoka, iwekeni kando ya daftari mlinganishe. Yetu ya mwaka 2020 ilikuwa na majina 40. Hotelini tulikuwa watu 148 wa kudumu, wanawake 61, yaani wanne katika kila kumi. Kwenye orodha wanawake walikuwa 26 kati ya 40, zaidi ya sita katika kila kumi. Nikayafuata majina hayo 26 idara kwa idara: vyumba 12, dobi 6, mkahawa 5, mapokezi 3. Bustani, ufundi na ulinzi, ambako karibu wote ni wanaume, halikuguswa jina hata moja.

Meneja wa wafanyakazi alinieleza, na nadhani aliamini anachosema, kwamba bustani haiwezi kuachwa ikageuka msitu, ila vyumba vikiwa havina wageni havina kazi. Mtu aliyewahi kusafisha chumba pwani anajua si kweli. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, wakati wa masika. Chumba kilichofungwa wiki tatu wakati wa mvua huota ukungu nyuma ya kabati na chini ya godoro, shuka zikashika harufu ya unyevu isiyotoka kwa kufua mara moja, na chumvi ya bahari ikaanza kula bawaba za milango. Nilimchukua mpaka ghorofa ya pili, nikafungua chumba kilichofungwa tangu Machi, nikavuta kabati. Hakusema kitu. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama, akanifuata chini. Siku hiyo idara ya vyumba ilirudishiwa nafasi saba za kufungua, kupepea na kugeuza magodoro.

Sasa angalizo. Hesabu hii si ya kuchagua watu. Usije ukasema, "Wanawake wamezidi, tutoe watano tuweke wanaume watano." Huko nako ni kumfukuza mtu kwa jinsia yake, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza. Hesabu ni ya kukuonyesha kigezo kipi kimepinda. Ukikinyoosha kigezo, majina yatabadilika yenyewe.

Vigezo vitatu, na jinsi kila kimoja kinavyopindwa

Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinataka chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi wa eneo waarifiwe kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla, waambiwe sababu na idadi. Asiye mwanachama aarifiwe yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa kazi pia. Katika kuchagua, mwajiri azingatie muda wa mtu kazini, ujuzi na uwezo wake, na kutegemeka kwake. Vigezo viandikwe na kubandikwa kabla jina halijaandikwa. Mpangilio huo ndio kila kitu. Jina likitangulia, kigezo hutafutwa cha kulifuata.

Muda wa kazi ndio unaopendwa, kwa sababu ni rahisi: aliyeingia mwisho atoke kwanza. Mimi mwenyewe niliutetea miaka mingi. Ila tazameni nani aliingia mwisho. Kwetu, wanawake wa kwanza kupewa kazi ya jikoni kwenye jiko lenyewe, si kuosha vyombo, waliajiriwa 2018. Vijana wawili viziwi wa dobi, 2018. Keshia anayetembea kwa gongo, 2019. Ukipiga mstari wa "mwisho kuingia" juu ya ukurasa, umefuta juhudi yote ya miaka miwili kwa siku moja, na ukiulizwa utasema kwa moyo mweupe kwamba hukumwangalia mtu usoni. Hatukuutupa muda wa kazi. Tulikubaliana usiwe peke yake, ujuzi upimwe pamoja nao, tena ndani ya aina moja ya kazi: mpishi alinganishwe na mpishi, si na mtunza bustani.

Kuna mtego mwingine humo humo. Wafanyakazi wa msimu, ambao kwetu wengi walikuwa akina mama kutoka vijiji vya karibu, walikuwa wakisimamishwa kila Aprili na kuandikwa upya kila Julai. Kwenye kompyuta mama wa miaka kumi na moja alionekana wa miezi minane. Dai miaka ihesabiwe tangu mkataba wa kwanza, na uwaambie watu waje na vitambulisho vyao vya zamani vya kazi, kadi za chama, hata picha za sherehe za mwisho wa mwaka. Nao vibarua wasisahauliwe. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa jumla haiwezi kumalizika kwa chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kama wa mshahara wa mwezi. Hoteli nyingi huanza kwa kuwaacha vibarua kimya kimya, bila barua, kisha ndiyo wanaita chama "kuanza mazungumzo".

Ujuzi sitaukalia sana. Cheti kiheshimiwe, lakini wengi wa watu wetu hawakuwa na karo ya chuo cha hoteli, walijifunza kwa mikono. Wapimwe kwa kazi: mpe kila mmoja chumba kimoja, kwa muda ule ule, mbele ya msimamizi na mwakilishi.

Kutegemeka ndiko kunakohitaji macho. Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti ya Mombasa ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Daraja la Mtwapa ndilo mpaka wa Mombasa na Kilifi. Wafanyakazi wetu wengi wa chini waliishi Mtwapa na ng'ambo ya huko, kwa kuwa kodi ya nyumba ni nafuu. Asubuhi yake walifika darajani wakakuta kizuizi. Wengine walipiga simu, wengine hawakuwa na salio. Kwenye rejista ya hoteli, mbele ya majina yao ikaandikwa herufi moja: A, hayupo. A, A, A, wiki tatu. Orodha ilipoandaliwa, mtu mmoja akajumlisha zile A na kuziita rekodi ya kutegemeka. Mpishi mmoja hapo alikuwa hajakosa kazi hata siku moja tangu 2009.

Kwa hiyo msikubali kamwe neno "hategemeki" bila kuona ukurasa wa rejista. Tafuteni kilichosababisha kila siku ya kukosa. Siku za kaunti kufungwa ziondolewe, siku za kliniki ya wajawazito ziondolewe, likizo ya ugonjwa yenye karatasi ya daktari iondolewe. Chukueni miaka mitatu ya nyuma, si miezi mitatu ya dhiki. Tulipofanya hivyo, majina tisa ya wenzetu wa ng'ambo ya daraja yalitoka kwenye orodha.

"Hawa wana waume"

Hili litasemwa. Kwetu lilisemwa kwa upole, na mzee ninayemheshimu, katika chumba cha mkutano nyuma ya mapokezi. Alisema wakati ni mgumu, tuwaachie kazi wanaume wenye familia, akina dada hawa wana waume watawalisha. Sikumjibu kwa hasira. Nilimwomba, "Mzee, nipe ruhusa niulize nirudi kesho." Jioni ile nikazungumza na wale 26 mmoja mmoja. Kumi na wanne walikuwa wakilea watoto bila mume nyumbani. Watano wengine waume zao walikuwa wamesimamishwa kazi mwezi ule ule, bandarini na kwenye matatu. Kesho yake nilizisoma namba hizo mbili tu, bila jina la mtu yeyote. Mzee akasema, "Basi tuendelee na vigezo."

Funzo langu kwenu hapo ni la namna mbili. Kwanza, pelekeni hesabu, si hotuba. Pili, na hili ni gumu zaidi, msiingie kwenye mashindano ya nani ana shida kuliko mwenzake. Dada asiye na mtoto ana haki ile ile ya kazi yake. Nilizitaja zile namba ili kuondoa dhana ya uongo mezani, halafu tukaacha mambo ya ndoa nje ya mlango, kwa wanaume na wanawake.

Maneno mengine ya namna hiyo ni "watu wa bara warudi kwao", na upande wa pili "watu wa pwani wavivu". Njaa ikikaza huwa yanasemwa hata na watu waliokula sahani moja. Mwakilishi akiyasikia asiyaache yapite eti ni hasira tu. Simamisha mkutano, taja kifungu cha 27 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi, na uulize: kigezo gani kati ya vile vilivyobandikwa ukutani kinataja mtu ametoka wapi? Kisha endelea na ajenda. Ukiwa wewe ni wa jamii inayotukana, ni wajibu wako zaidi kusema. Mimi ni Mdigo, mtu wa pwani, na Wadigo wenzangu ndio niliowakemea kwa sauti kubwa.

Gawaneni kazi kabla ya kufukuzana

Kabla ya barua hata moja kutoka, ulizeni kama kazi iliyobaki inaweza kugawanywa. Tulipanga wiki mbili ndani, wiki mbili nje, kwa nusu mshahara, na waliokuwa na mishahara mikubwa wakakatwa sehemu kubwa zaidi. Mkato wa asilimia ile ile kwa wote unasikika kama usawa, lakini robo ya mshahara wa meneja ni safari ya likizo, robo ya mshahara wa dobi ni unga. Kila mtu atie sahihi kwa hiari baada ya kuelezwa kwa Kiswahili. Mabadiliko ya masharti ya kazi yanahitaji mashauriano na maandishi, hayatangazwi tu kwa mabango.

Ratiba ya zamu nayo ina ubaguzi wake wa kimya. Kafyu ilipoanza saa moja jioni, zamu ya kutoka saa kumi na mbili ilimfaa mwenye pikipiki, si mama wa kungoja matatu. Shule zilifungwa kuanzia Machi mpaka wanafunzi wote waliporudi Januari 2021, na watoto wakawa nyumbani mchana kutwa. Anzeni ratiba kwa kuweka alama mahali pasipoguswa: sala ya Ijumaa, Jumamosi ya Wasabato, Jumapili ya kanisa, wanaonyonyesha, wanaotoka kabla ya giza. Nafasi zinazobaki ndizo za kujaza. Watu wakiwa wachache kubadilishana zamu huwa kugumu, ndiyo maana alama zitangulie.

Wajawazito na waliojifungua niwataje peke yao. Kwenye orodha yetu kulikuwa na dada wa dobi mwenye mtoto wa wiki tatu. Aliwekwa humo kwa kuwa "hata hivyo hayupo". Likizo ya uzazi ya miezi mitatu ina mshahara kamili, na akimaliza ana haki ya kurudi kwenye kazi yake au inayolingana nayo. Kuwa likizoni si kutokuwapo. Jina lake lilifutwa siku ile ile.

Barua na pesa

Baada ya yote hayo bado watu 22 waliondoka, wanawake 9 na wanaume 13. Sitawadanganya kwamba haki iliwafanya wasilie. Lakini waliondoka na kilicho chao: notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi, siku za likizo ambazo hawakuzichukua zikiwa pesa taslimu, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mfano, mshahara wa 24,000 ukigawanywa kwa siku 30 ni 800 kwa siku. Siku 15 ni 12,000. Miaka tisa ni 108,000. Mtu aikokotoe mbele yako kwa kalamu kabla ya kutia sahihi, na mtazame pia mkataba wa pamoja kati ya chama chenu na mwajiri, huenda unatoa zaidi. Kwa mwenzetu kiziwi tulileta mkalimani wa lugha ya ishara. Si dada yake, kwa sababu mambo ya pesa ya mtu mzima hayapitishwi kwa jamaa zake bila yeye kutaka.

Kuwaita watu warudi

Wengi huchoka wakifika hapa, nami nawasihi msichoke, maana ndipo dhuluma kubwa hufanyika. Ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti 2020, wageni wakaanza kuja mmoja mmoja, na wasimamizi wakaanza kupiga simu. Wanampigia nani? Aliye karibu, aliye rafiki, anayepokea haraka. Kijana wetu kiziwi alipigiwa mara tatu, ikaandikwa "hapokei". Mpishi msaidizi alikuwa kwao Kitui, namba imezimwa mchana kwa sababu ya chaji. Na kulikuwa na msimamizi mmoja aliyewaambia wasichana kwamba njia ya kurudi kazini inapita kwake jioni.

Tulitaka mambo yafuatayo, tukayapata. Orodha ya kuitwa ifuate vigezo vile vile na ibandikwe ukutani, pamoja na tarehe. Mwito uwe kwa ujumbe wa maandishi, pamoja na simu kwa anayetaka, na nakala kwa mtu mmoja wa karibu aliyemchagua mwenyewe. Siku saba za kujibu. Hakuna msimamizi anayeita mtu peke yake: simu hupigwa ofisini, watu wawili wakiwepo, mmoja wao mwanamke. Nafasi mpya isitangazwe nje mpaka orodha iishe. Sheria inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, kwa hiyo nasi tukaitoa kwenye faili na kuibandika kando ya orodha, pamoja na namba za simu za wawakilishi wawili. Wasichana watatu walipiga. Yule msimamizi hakuwapo tena mwezi uliofuata.

Karatasi yetu ilikaa kwenye ukuta wa korido ya kuelekea kantini ya wafanyakazi, mahali ambapo kila mtu hupita na sahani yake. Mwenye kurudi alikata jina lake mwenyewe kwa kalamu nyekundu iliyofungwa kwa uzi. Wanne walipata kazi kwingine wakatuma ujumbe tuwakatie. Jina la mwisho lilikuwa la keshia wa gongo, Desemba 2021. Alilikata, akaifungua ile kalamu kutoka kwenye uzi, akaniletea.